Prosesa Inachemka: Mwongozo Kamili wa Kushusha Joto la Kompyuta ya Mezani kwa Walioko Mtwara na Lindi

Wanaolalamika kwamba kompyuta imerudi kuchemka wiki mbili tu baada ya kusafishwa, wengi wao wamefanya jambo lilelile: wamenunua pesti, yaani ule uji wa kupitisha joto unaopakwa juu ya prosesa (ubongo wa kompyuta), wamepaka, wamefunga. Pesti ni chanzo kimoja kati ya kadhaa, tena huku pwani si kinachoongoza.

Kosa la pili ni la hesabu. Miongozo mingi imeandikwa na watu ambao vyumba vyao vina nyuzi 20. Wakisema prosesa iliyotulia, yaani isiyo na kazi, isome nyuzi 35, maana yake ni nyuzi 15 juu ya joto la chumba. Sasa chukua chumba cha bati kisicho na dari pale Ligula, saa nane mchana, mwezi wa Desemba. Humo ndani hewa yenyewe inaweza kufika nyuzi 32 au 33. Prosesa nzima kabisa itasoma 48, na mwenyewe ataifungua bure.

Kwa hiyo achana na namba tupu. Fuatilia tofauti: joto la prosesa toa joto la chumba. Hitisinki, yaani kile kipande cha alumini chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa, hupozwa na hewa ya chumbani, na hakuna feni itakayoifanya iwe ya baridi kuliko hewa inayoipuliza. Mwongozo huu wote umesimama juu ya hesabu hiyo ya kutoa.

## Vifaa: viwe mezani kabla hujashika bisibisi

- Bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati, na nyingine bapa.
- Brashi mpya ya rangi ya inchi moja yenye nywele laini, pamoja na mswaki wa zamani.
- Blowa ndogo ya umeme au ya kubonyeza kwa mkono.
- Kipimajoto cha chumba. Kile cha ukutani kinatosha.
- Pesti ya prosesa, bomba la gramu 2 hadi 4. Upakaji mmoja haufikishi nusu gramu, kwa hiyo bomba moja ni la miaka.
- Isopropili ya asilimia 90 au zaidi.
- Fulana kuukuu ya pamba, safi, iliyokatwa vipande.
- Kisosi cha kuwekea skrubu, barakoa, na simu ya kupiga picha kila waya kabla hujauchomoa.
- Daftari. Usilidharau, bila namba zilizoandikwa hutajua kama umefaulu.
- Programu mbili za bure, HWiNFO na CPU-Z. Zipakue kabla hujaanza.

Kuna mitego miwili dukani. Wa kwanza ni spiriti. Ukikosa isopropili, spiriti ya duka la dawa hufaa, lakini baadhi yake huchanganywa na mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi. Dondosha tone moja kwenye kioo, liache likauke. Likiacha utelezi, hiyo ni ya vidonda, si ya prosesa. Petroli na thina usiziguse kabisa. Pombe ya kunywa nayo haifai: ina maji mengi, na nyingine ina sukari.

Wa pili ni mbaya zaidi. Kuna bomba jeupe linalouzwa kwa mafundi wa taa za LED ambalo ni gundi ya kupitisha joto. Linafanana sana na pesti. Ukilipaka kwenye prosesa, hitisinki haitatoka tena bila kung'oa kitu. Kama una shaka, paka tone kwenye karatasi ya alumini na uliache siku nzima. Pesti hubaki laini. Gundi hukauka ikawa ngumu kama simenti.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Weka kipimajoto mezani, mbali kidogo na tundu la nyuma la kompyuta ili hewa ya moto isikidanganye. Washa kompyuta, usifungue kitu, subiri dakika 15. Fungua HWiNFO, chagua sehemu ya sensa peke yake, kisha tafuta mstari wa CPU Package, au Tctl/Tdie kama prosesa yako ni ya kampuni ya AMD badala ya Intel. Andika namba hiyo, joto la chumba, na mizunguko ya feni kwa dakika.

Kisha ibebeshe kazi. Kwenye CPU-Z nenda ukurasa wa Bench, bonyeza Stress CPU, iache dakika 10. Andika joto baada ya sekunde 5, baada ya dakika 1, dakika 5 na dakika 10. Namba nne. Usiandike ile ya mwisho tu, maana hatua inayofuata inategemea mwendo wa joto kuliko kilele chake.

Kwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani yenye prosesa ya wati 65 na feni iliyokuja nayo, hesabu iko hivi. Ikiwa imetulia, nyuzi 10 hadi 20 juu ya chumba ni sawa. Ikiwa na mzigo kamili, tofauti ya 35 hadi 45 ni afya njema, 45 hadi 55 ni dalili ya vumbi, na ikipita 55 kuna kitu kimeharibika au kimefungwa vibaya.

Prosesa mpya za nguvu kubwa ziko nje ya hesabu hii. Ryzen za AMD za mfululizo wa 7000, kwa mfano, nyingi zimeundwa zipande hadi nyuzi 95 zikipewa kazi nzito, halafu zijizuie zenyewe. Kwa hizo tazama kasi badala ya joto: ikiwa haishuki chini ya kasi ya msingi ya kiwandani, hakuna ugonjwa.

Onyo: joto likigusa 95 ndani ya dakika ya kwanza kwenye prosesa ya zamani, simamisha jaribio. Prosesa za Intel nyingi huanza kujipunguza kasi zikikaribia 100, na hilo ndilo unaloliona kompyuta inapogandaganda katikati ya kazi. Huhitaji dakika tisa nyingine kujua kwamba ni mgonjwa.

Jambo moja la kutenganisha mapema: kompyuta inayozimika ghafla huku prosesa ikiwa nyuzi 70 haina tatizo la joto la prosesa. Angalia pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kasha, na uangalie umeme wenyewe.

## Hatua ya 2: Soma mwendo wa joto

Hapa ndipo pa kukaa kitako, kwa sababu zile namba nne zinakuambia ufungue wapi na uache wapi.

Joto linaruka. Kutoka 48 hadi 90 ndani ya sekunde 5, halafu linabaki hapohapo. Joto linazaliwa kwenye prosesa na halifiki kwenye hitisinki. Shida iko katika mgusano: pesti imekauka, mguu mmoja wa hitisinki umeachia, au fundi aliyetangulia hakuondoa plastiki ya kinga chini ya hitisinki. Gusa hitisinki kwa kidole baada ya kuzima. Kama ni vuguvugu huku prosesa ilikuwa 90, umepata jibu. Nenda moja kwa moja Hatua ya 6.

Joto linapanda polepole. Sekunde 5 lipo 60, dakika 1 lipo 68, dakika 10 lipo 88 na bado linapanda. Mgusano ni mzuri, joto linafika kwenye mapezi, ila hewa haiondoi. Ni vumbi, feni, au kasha limebanwa. Hali hii ndiyo ya wengi, na kuipakia pesti mpya ni kumpa mwenye kiu chakula.

Joto lipo juu hata ikiwa imetulia, na matumizi ya prosesa yako juu pia. Kuna programu inayoitumikisha. Hatua ya 3.

Joto lipo juu ikiwa imetulia, matumizi ni asilimia 2 au 3, feni inasoma 0. Feni imekufa au waya wake uko mahali siko. Zima sasa hivi.

Tofauti ya nyuzi 5 hadi 10 kati ya kiini kimoja cha prosesa na kingine ni ya kawaida. Usiihangaikie.

## Hatua ya 3: Ondoa mzigo usioujua

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, kisha bofya safu ya CPU ili programu zenye njaa zipande juu. Kompyuta iliyokaa wiki bila bando, ikipata intaneti huanza kujisasisha, na prosesa inaweza kupiga kazi saa nzima. Iache imalize, halafu upime upya.

Kuna mwizi mwingine. Programu na magemu ya bure yanayopitishwa kwa flashi mara nyingi huja na mchimbaji wa sarafu za kidijitali, programu inayoitumikisha prosesa yako kwa siri kumchumia mtu mwingine. Dalili yake ni ya ajabu: feni inavuma kwa nguvu, unafungua Task Manager, ghafla inanyamaza. Unaifunga, kelele inarudi. Baadhi yao wameandikwa kujificha mara tu dirisha hilo linapofunguka. Acha HWiNFO ikirekodi, ondoka mezani dakika 20, kisha usome safu ya Average. Ikiwa wastani uko juu wakati hukufanya kitu, endesha ukaguzi wa Microsoft Defender wa nje ya mtandao, ule unaowasha kompyuta upya na kuikagua kabla ya Windows kuanza.

Umefaulu ikiwa kompyuta iliyotulia inabaki chini ya asilimia 5 kwa dakika 10 mfululizo.

## Hatua ya 4: Jaribio la ubavu wazi

Zima, fungua bati la ubavuni, washa tena na urudie jaribio la dakika 10. Usiingize mkono.

Joto likishuka nyuzi 5 au zaidi, kasha halipumui. Likibaki palepale, kasha halina kosa. Tatizo liko kwenye hitisinki yenyewe. Ni jaribio la dakika chache na linaokoa siku nzima ya kubahatisha.

Kasha lisilopumua mara nyingi halihitaji hata bisibisi. Limesukumwa ukutani: livute liache sentimita 15 nyuma. Limefungiwa kwenye kijumba cha meza chenye mlango: litoe. Liko sakafuni: lipandishe kwenye stuli au matofali, maana vumbi na mchanga wa miguuni huingia kwa urefu wa kifundo cha mguu. Limefunikwa kitambaa cha kufuma ili lipendeze: kitambaa ni cha kompyuta iliyozimwa.

Kuacha ubavu wazi moja kwa moja si tiba. Mjusi, mende na sisimizi hupenda uvuguvugu huo, na mjusi mmoja akikauka juu ya mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, anaweza kuunganisha njia mbili za umeme zisizopaswa kukutana.

## Hatua ya 5: Safisha, tena kwa brashi

Zima, chomoa waya ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Gusa bati tupu la kasha kabla ya kugusa kitu cha ndani. Hewa yetu yenye unyevu hupunguza umeme wa msuguano, ila haiumalizi. Toka nje barazani, vaa barakoa.

Vumbi la pwani si vumbi la kupuliza tu, na ndiyo maana blowa peke yake huwashinda watu. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi hunyonya unyevu, na vumbi likichanganyika navyo huwa utando unaong'ang'ania chuma. Nyumba ikiwa Shangani au Mikindani, dirisha likitazama bahari, utando huo ni mnene zaidi. Ongeza moshi wa jiko la mkaa, au ule wa kukaanga korosho na maganda yake ambao umejaa mafuta, na mapezi ya hitisinki yanavaa koti.

Mpangilio wa kazi ni huu:

1. Piga picha za waya zote.
2. Toa feni juu ya hitisinki. Kwenye nyingi imeshikwa na skrubu nne au vibanio vya plastiki, na inatoka bila kuing'oa hitisinki. Hapa ndipo siri ilipo: kati ya feni na mapezi hujificha mkeka wa vumbi usioonekana kwa juu. Anayepuliza bila kutoa feni anausukuma mkeka uzidi kushuka.
3. Vuta mkeka kwa vidole, kisha pitisha brashi kavu kufuata mwelekeo wa mapezi, si kuyakata. Mapezi yakipinda, hewa haipiti.
4. Sasa puliza, blowa ikiwa umbali wa sentimita 15 hadi 20. Shika mapanga ya kila feni kwa kidole yasizunguke. Feni inayozungushwa na blowa hupita kasi yake, bearingi huumia, na inaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi.
5. Safisha matundu ya mbele ya kasha. Kwenye makasha mengi ya mtumba, bati la mbele hutoka kwa kuvuta vishikizo vitatu, na nyuma yake unakuta sufi.
6. Pawa saplai ipulizie kwa nje tu. Usiifungue kamwe. Kapasita zake, vile vidude vya kuhifadhi umeme, hubaki na chaji ya hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Usiipeleke kompyuta kwa fundi wa pancha apulize na kompresa. Hewa ya huku ikibanwa kwenye tangi hutoa maji, na maji hayo hutoka pamoja na upepo, kwa nguvu ya kung'oa vidude vidogo kwenye bodi. Mashine ya kufyonza vumbi ya kusafishia makochi nayo ibaki kwenye makochi.

Ikiwa utando ni wa mafuta na brashi imeshindwa, ng'oa hitisinki (tazama Hatua ya 6), hakikisha feni haipo juu yake, ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo ukitumia mswaki. Suuza mwisho kwa maji ya kunywa kama maji yenu ya kisima yana chumvi. Anika juani nusu siku. Ukiona unga mweupe kwenye alumini, hiyo ni kutu yake. Ukiwa kidogo mswaki unautoa, ukiwa umekula mapezi yenyewe, hitisinki hiyo imekwisha.

Ukiwa na feni mkononi, ikague. Izungushe kwa kidole: nzima huendelea mizunguko kadhaa kimya, inayokufa hukwaruza na kusimama upesi. Tone la mafuta ya cherehani chini ya stika hurudisha uhai wa wiki chache kwa baadhi yake. Chukulia kuwa ni muda wa kutafuta feni mpya, si matengenezo.

Unaporudisha, zingatia mambo mawili. Feni ya hitisinki ya kawaida hupuliza kuelekea chini kwenye mapezi, na ya nyuma ya kasha hutoa nje. Hewa hutoka upande wenye vile vishikio vya plastiki vinavyobeba mota; ukisahau, kipande cha karatasi laini kitakuambia. Pili, waya wa feni ya prosesa urudi kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN. Ukiuchomeka kwingine, mashine inaweza kukataa kuwaka au feni isifuate joto.

Wenye Dell OptiPlex na mashine za ofisi zinazofanana nazo: ile plastiki kubwa inayofunika hitisinki si pambo. Inaongoza hewa ya mbele ipite kwenye mapezi na kutokea nyuma. Mafundi wengi huitupa kwa sababu inawasumbua kufunga. Mashine bila plastiki hiyo haitapoa hata ukipaka pesti ya dhahabu.

Washa, rudia jaribio. Kama ugonjwa ulikuwa ule wa kupanda polepole, joto la dakika ya 10 litashuka kwa namba ya kuonekana, na la dakika ya 5 litakaribiana nalo. Tofauti ikiwa chini ya 45, funga kasha. Huna haja ya hatua inayofuata.

## Hatua ya 6: Pesti, ikiwa kweli ni zamu yake

Washa kompyuta dakika 5 kwanza ili pesti ya zamani ilainike, kisha zima na uchomoe. Hili ni la lazima zaidi kwa AMD za soketi (kiti cha prosesa kwenye mazabodi) AM4: pesti iliyokauka hushika prosesa na kuing'oa pamoja na hitisinki, miguu yake ikapinda. Usivute juu. Zungusha hitisinki kidogo kulia na kushoto hadi uisikie imeachia, ndipo unyanyue.

Hitisinki ya kiwandani ya Intel ina pini nne za kubonyeza. Zungusha kila kichwa robo mzunguko kufuata mshale, kisha vuta juu. Za skrubu, legeza kwa msalaba: kona moja, halafu inayotazamana nayo, mizunguko miwili miwili.

Futa pesti ya zamani pande zote mbili kwa fulana yenye isopropili hadi chuma kiakisi. Futa kutoka pembeni kwenda katikati, usiitawanye kwenye bodi. Subiri dakika mbili ikauke.

Kiasi cha pesti: ukubwa wa kati ya punje ya choroko na punje ya mbaazi, katikati ya prosesa. Basi. Usipake kwa kidole. Uzito wa hitisinki ndio utakaoisambaza, na bila kufungia vipovu vya hewa. Pesti kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana kati ya vyuma viwili. Ikiwa nene inakuwa blanketi. Ikiwa kidogo mno, kona zinabaki kavu.

Shusha hitisinki wima, mara moja. Ukikosea ukainyanyua, futa na uanze upya. Kwa pini za Intel, rudisha vichwa vyote kinyume cha mshale kwanza, kisha bonyeza mbili zinazotazamana kwa pamoja hadi zilie *tik*. Halafu mbili zilizobaki. Tazama nyuma ya mazabodi: lazima kila mguu mweupe uwe umepenya na mwiba mweusi katikati yake. Mguu mmoja usiopenya ndio chanzo cha malalamiko mengi ya "nimepaka pesti mpya na joto limezidi". Miguu hii huchakaa na kukatika kwa umri, na seti mpya hupatikana peke yake bila kununua hitisinki nzima.

Dalili ya kufaulu: ile namba ya sekunde 5 imeshuka. Kama ilikuwa 90 sasa inasoma 60 na kitu, mgusano umerudi. Ikiwa haijashuka kabisa, fungua utazame alama ya pesti kwenye hitisinki. Duara lililosambaa sawasawa ni zuri. Alama ya upande mmoja inasema mguu wa upande wa pili haujakaza.

## Hatua ya 7: Feni ianze mapema, prosesa isikimbie mno

Ingia BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, kwa kubonyeza mashine inapowaka F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP, F1 kwenye Lenovo, au Del kwenye mazabodi nyingi za kuunga mwenyewe. Mipangilio ya feni iliyokuja nayo hupendelea ukimya. Kwa chumba cha nyuzi 32, kama BIOS inaruhusu, weka feni ya prosesa ifike asilimia 60 kwenye nyuzi 60 na asilimia 100 kwenye nyuzi 75. Mashine za ofisi hazikupi mchoro huo. Baadhi ya HP zina kipengele cha kuongeza kasi ya chini ya feni, kipandishe kidogo kidogo hadi kelele ikukere, kisha rudi nyuma hatua moja.

Dawa nyingine haigusi chuma. Kwenye Windows, ndani ya Power Options, mipangilio ya juu ya prosesa, shusha kiwango cha juu (Maximum processor state) kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye prosesa nyingi kale kaasilimia kamoja huzima nyongeza ya kasi ambayo ndiyo huzaa joto jingi. Kwa kuandika, kutuma fomu na kutazama video hutaona tofauti. Anayehariri video ataiona, na ataamua mwenyewe.

## Ikiwa bado inaruka

Umesafisha, umepaka, alama ya pesti ni nzuri, na bado inaruka hadi 85 papo hapo. Tazama kizazi cha prosesa. Intel za nyumbani na ofisini za kizazi cha 3 na cha 4, zile za 2012 hadi 2014 zilizojaa kwenye kompyuta za mtumba, nyingi zina pesti ya pili ndani, chini ya kifuniko cha chuma, mahali ambapo matoleo yaliyotangulia yalikuwa yamelehemiwa. Ikikauka ile ya ndani, ya nje haina la kufanya. Kuna wanaokibandua kifuniko. Kwa mashine unayoitegemea usikubali; ule mpangilio wa asilimia 99 unatosha kuishi nayo.

Ukiamua kununua hitisinki kubwa zaidi, pima kwanza nafasi kati ya prosesa na bati la ubavu. Za mnara hufika milimita 150 na zaidi, na kasha jembamba la ofisi halizimezi. Mashimo nayo yana kabila: hitisinki ya Intel soketi 1155, 1150, 1151 au 1200 huingiliana kwa sababu mashimo yameachana milimita 75, ya soketi 1700 ni milimita 78, na AM4 ina mpangilio wake. Angalia pia waya wa feni. Tundu la kawaida lina pini 4, lakini baadhi ya Dell zina 5, na bila kiunganishi cha kubadilisha zitakulalamikia kila zinapowaka.

## Lini urudie

Kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, huleta upepo na mchanga. Kaskazi inayofuata huleta joto. Safisha katikati yake, yaani Oktoba. Anayeishi ufukweni, au jirani na barabara ya vumbi, afungue na Februari pia. Kichujio cha soksi ya nailoni mbele ya matundu ya kuingiza hewa husaidia, ila kioshwe kila wiki mbili. Kikisahaulika kinaziba kuliko vumbi lililozuiwa. Chandarua matundu yake ni makubwa mno kwa vumbi, lakini mjusi hapiti.

Pesti usiiguse Oktoba kwa mazoea. Fungua daftari, rudia zile namba nne, na kama ile ya sekunde 5 haijapanda zaidi ya nyuzi 5 ikilinganishwa na joto la chumba cha siku hiyo, hitisinki iache ilipo.